Chakula cha usiku, usingizi na moyo: saa ya kula ina uzito gani?

Mwezi Machi 2024, katika mkutano wa Shirika la Moyo la Marekani uliofanyika Chicago, watafiti waliwasilisha muhtasari uliozua taharuki. Watu waliokula chakula chao chote cha siku ndani ya muda unaopungua saa 8 walionekana kuwa na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa iliyozidi kwa asilimia 91 ile ya watu ambao milo yao ilienea katika muda wa saa 12 hadi 16. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, wasomaji walewale walikuwa wakiambiwa kinyume chake, kwamba kufunga kwa saa 16 na kula ndani ya saa 8 ni kinga dhidi ya presha, kisukari na kitambi. Juu ya hayo kuna jumbe zinazozunguka kila siku katika makundi ya familia kwenye simu: usile baada ya saa kumi na mbili jioni, matunda ya usiku ni sumu, maji ya baridi baada ya mlo huziba mishipa ya moyo. Si ajabu basi kwamba mtu anayefika nyumbani saa mbili usiku akiwa na njaa, na sahani ya wali imeshawekwa mezani, hajui tena ashike lipi na aache lipi.

Makala haya yanajaribu kulifungua fundo hilo. Je, wakati wa kula unaathiri vipi usingizi na moyo, na athari hiyo ni kubwa kiasi gani? Jibu fupi ni kwamba athari ipo na ni ya kweli, lakini haizidi athari ya kile unachokula na kiasi chake. Tena, sehemu yake yenye manufaa zaidi kwa mtu wa kawaida haihusu saa fulani ya ukutani, bali umbali uliopo kati ya mlo mzito wa mwisho na wakati wa kulala. Jibu refu linahitaji tuelewane kwanza juu ya maneno machache.

Saa ya mwili ni mpangilio wa ndani unaoendesha shughuli za mwili katika mzunguko wa takribani saa 24: lini joto la mwili lipande na kushuka, lini homoni fulani imwagwe, lini usingizi uje. Mfungo wa usiku ni muda unaopita kati ya tonge la mwisho la usiku na tonge la kwanza la asubuhi. Kila mtu hufunga kwa namna hii, awe amekusudia au hakukusudia. Muda wa kula ni kinyume chake, yaani saa zinazopita tangu mlo wa kwanza wa siku hadi wa mwisho. Presha, au shinikizo la damu, ni nguvu ambayo damu huisukuma nayo mishipa, na hupimwa kwa namba mbili: ya juu wakati moyo unapojikaza na ya chini unapolegea. Insulini ni homoni ya kongosho inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza katika misuli na viungo vingine.

Saa ya mwili haiko mahali pamoja. Mwaka 2017, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi jeni zinavyoitengeneza saa hiyo ndani ya seli. Saa kuu iko ubongoni, katika kijisehemu chenye seli za neva zipatazo 20,000, karibu na mahali mishipa ya neva ya macho inapopishana, na hurekebishwa zaidi na mwanga. Lakini ini, kongosho, utumbo na moyo wenyewe vina saa zao ndogo, ambazo nyingi husikiliza chakula kuliko mwanga. Mwaka 2000, watafiti wa Geneva waliwalisha panya mchana tu, ilhali panya kwa asili hula usiku. Baada ya siku kadhaa saa za ini za wanyama hao zikageuka kufuata chakula, lakini saa ya ubongo haikutikisika.

Fikiria mgahawa wenye mwenye mali mmoja na wapishi kadhaa. Mwenye mgahawa hukaa mlangoni na kufuata mwanga wa nje: jua likitua, huanza kufunga milango na kupunguza taa. Wapishi wako nyuma ambako hakuna dirisha, nao hujua kuwa ni wakati wa kazi kwa kuona oda za wateja zikiingia. Mteja mmoja akija usiku wa manane na kuagiza pilau, wapishi watawasha jiko upya wakati mwenye mgahawa ameshafunga hesabu. Pilau itaiva, lakini kwa taabu, na ikitokea hivyo kila siku wapishi na mwenye mgahawa watakuwa wanafuata ratiba mbili tofauti. Hali hiyo ya saa za ndani kutoelewana ndiyo inayowashughulisha wanasayansi wanapozungumzia kula usiku.

Sasa tuangalie mwili unakusudia kufanya nini giza linapoingia. Joto lake hushuka kidogo. Ubongo huanza kumwaga melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, na homoni hiyohiyo hupunguza kasi ya kongosho kutoa insulini, kwa kuwa kwa kawaida hakuna sukari mpya inayotarajiwa kuingia. Mapigo ya moyo hupungua, na presha ya mtu mwenye afya hushuka usiku kwa takribani asilimia 10 hadi 20 ikilinganishwa na ya mchana. Huko kushuka ni mapumziko ya mishipa. Watu ambao presha yao haishuki usiku wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kiharusi na maradhi ya moyo, hata pale ambapo kipimo cha mchana, kile kinachochukuliwa kliniki, hakionekani kuwa kibaya sana.

Chukua sahani ya chipsi mayai iliyoliwa saa nne usiku kwenye banda lililo karibu na kituo cha daladala. Viazi vimerudishwa kwenye mafuta mara ya pili ili vipate moto, mayai mawili yamemwagwa juu yake, chumvi imenyunyizwa kwa mkono bila kupimwa, na pembeni iko soda ya baridi. Mlaji anafika nyumbani, anaoga, na saa nne na nusu ameshajinyoosha kitandani. Tumboni kazi ndiyo kwanza inaanza. Mafuta hukichelewesha chakula kutoka tumboni, na mlo wa namna hii unaweza kukaa humo kwa saa nne au zaidi, hasa kwa kuwa tumbo lenyewe husaga polepole zaidi usiku kuliko asubuhi. Mtu akiwa amelala chali, tindikali hupata njia nyepesi ya kupanda kupitia ule mlango wa misuli unaolitenga tumbo na umio. Huja kiungulia, au hata bila kiungulia cha wazi, huja kushtuka kwa muda mfupi ambako mwenyewe hakumbuki asubuhi. Sukari ya soda na ya viazi inaingia kwenye damu wakati ambapo kongosho limekwisha punguza kasi. Moyo, badala ya kupumzika, unaendelea kupeleka damu nyingi kwenye utumbo. Kisha chumvi inafanya kazi yake: saa sita mtu anaamka ana kiu, anakunywa maji, na saa nane anaamka tena kwenda chooni.

Mlo mmoja wa namna hiyo haumuui mtu yeyote, na yeyote anayetumia lugha ya sumu katika jambo hili anawatisha watu bure. Tatizo ni pale unapokuwa ndio utaratibu wa usiku tano au sita kwa wiki, mwaka hadi mwaka.

Vipimo vya maabara vinaunga mkono picha hii. Mwaka 2015, watafiti wa Boston waliwapa watu mlo uleule asubuhi na jioni chini ya uangalizi mkali, wakakuta sukari ya damu baada ya mlo wa jioni ilipanda zaidi ya ile ya asubuhi kwa asilimia 17. Huko Uhispania, nchi inayojulikana kwa kula usiku sana, watu 845 walipimwa mara mbili, mara moja wakipewa kinywaji cha sukari saa nne kabla ya muda wao wa kulala na mara nyingine saa moja tu kabla. Kinywaji kilichosogezwa karibu na usingizi kilipandisha sukari zaidi, na insulini iliyotoka ilikuwa kidogo zaidi. Mwaka 2022 kukaja jaribio jingine la Boston, dogo lakini lililofanywa kwa umakini, ambalo watu 16 wenye uzito mkubwa walikula chakula kilekile, kwa kiasi kilekile, isipokuwa ratiba yote ilisogezwa mbele kwa takribani saa nne. Walipokula kwa kuchelewa walihisi njaa zaidi mchana, homoni inayowapa watu hisia ya kushiba ikapungua, na miili yao ikachoma nishati pungufu. Ushauri wa kula mapema una mizizi yake hapa, na mizizi hiyo ni imara kuliko inavyodhaniwa.

Lakini jaribio la siku chache haliwezi kutuambia nani atapata kiharusi. Kwa hilo tunategemea tafiti zinazowafuata watu wengi kwa miaka. Mojawapo kubwa ilichapishwa mwishoni mwa 2023 nchini Ufaransa, ikiwa imewafuatilia watu 103,389 kwa takribani miaka saba. Ilikuta kwamba kila saa moja ya kuchelewesha mlo wa kwanza wa siku iliambatana na ongezeko la asilimia 6 la hatari ya maradhi ya moyo na mishipa. Waliokula mlo wa mwisho baada ya saa tatu usiku walikuwa na hatari ya kiharusi na maradhi mengine ya mishipa ya ubongo iliyozidi kwa asilimia 28 ile ya waliomaliza kula kabla ya saa mbili usiku, na uhusiano huo ulionekana zaidi kwa wanawake. Jambo la tatu, ambalo magazeti mengi yalilipita haraka, ni kwamba mfungo mrefu wa usiku uliambatana na hatari ndogo ya maradhi hayo ya ubongo. Ukiyaunganisha yote matatu, utaona kuwa waliofanya vizuri ni wale waliorefusha mfungo kwa kumaliza kula mapema jioni, si kwa kuruka kifungua kinywa.

Hapa ndipo asilimia zinapowapotosha watu, na ni vyema tukae kidogo. Asilimia 28 haina maana kwamba watu 28 kati ya 100 wanaokula baada ya saa tatu usiku watapata kiharusi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba kati ya watu 1,000 wanaokula mapema, 10 watapata kiharusi katika kipindi fulani. Ongezeko la asilimia 28 linaifanya 10 hiyo kuwa karibu 13. Watatu hao ni watu wenye familia na si wa kupuuzwa, lakini picha ni tofauti kabisa na ile inayojengwa na kichwa cha habari. Pia, kuambatana si kusababisha. Anayekula saa nne usiku mara nyingi ndiye anayefanya kazi hadi usiku, analala saa chache na ana msongo wa mawazo. Watafiti hujaribu kuyatenga mambo haya kwa hesabu, lakini hayatengeki yote. Tena washiriki wa Ufaransa wengi wao walikuwa wanawake waliojitolea kwa kuwa wanajali lishe yao, hivyo si lazima wafanane na fundi wa Kariakoo au mwalimu wa Kisumu.

Kwa kipimo hichohicho turudi kwenye ile asilimia 91 ya Chicago. Utafiti ule ulichambua taarifa za watu wapatao 20,000 wa Marekani, ambao walieleza walichokula kwa siku mbili tu, kisha vifo vyao vikahesabiwa kwa miaka mingi iliyofuata. Mtu aliyekula ndani ya muda mfupi katika siku hizo mbili huenda alikuwa anafunga kwa hiari, lakini huenda pia alikuwa mgonjwa asiye na hamu ya chakula, au maskini aliyepata mlo mmoja, au mtu aliyekuwa na kazi nyingi kupita kiasi siku hiyo. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kufunga kunaua. Kwa upande wa pili, hauruhusu kusema kwamba kula ndani ya saa 8 ni dawa ya moyo. Jaribio linalotajwa sana na watetezi wa mtindo huo ni la mwaka 2018, ambalo namba ya juu ya presha ilishuka kwa takribani 11 bila uzito kupungua. Wanaolitaja husahau kusema kwamba lilikuwa na wanaume 8 tu, wote wakiwa ukingoni mwa kisukari, lilidumu wiki tano, na mlo wao wa mwisho uliliwa kabla ya saa tisa alasiri. Anayekula kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku na kusema anafuata utaratibu ule, anafuata kitu kingine.

Vitafunwa na vinywaji

Mazungumzo mengi huishia kwenye mlo mkuu, ilhali kwa watu wengi kinachoharibu usiku ni vile vinavyoliwa baada yake, mbele ya tamthilia: bisi, kashata, karanga za chumvi, krispi, chai ya pili yenye sukari nyingi.

Chumvi ndiyo ninayoona inasahaulika kuliko yote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu alichokula tangu asubuhi. Mwaka 2017, madaktari wa Nagasaki walieleza matokeo ya wagonjwa zaidi ya 300 waliokuwa wanakula chumvi nyingi na kulala vibaya. Wale waliofanikiwa kuipunguza kutoka wastani wa gramu 10.7 hadi gramu 8 kwa siku, safari zao za chooni usiku zilipungua kutoka wastani wa mara 2.3 hadi mara 1.4. Wazee wengi wa kwetu huamka mara mbili au tatu kila usiku na kuhesabu kuwa ni uzee. Wakati mwingine ni uzee au tezi dume au kisukari, na vyote hivyo vinahitaji daktari, lakini wakati mwingine ni mchuzi wa usiku na kachumbari iliyozidi chumvi. Na chumvi hiyohiyo ndiyo inayopandisha presha, kwa hiyo kuipunguza jioni kunalipa mara mbili.

Sukari na mafuta nayo yana sehemu yake. Watafiti wa New York walionyesha mwaka 2016 kwamba watu walipoachwa wajichagulie chakula walichukua wastani wa dakika 29 kupata usingizi, ilhali walipokula mlo uliopangwa, wenye mafuta magumu kidogo na protini zaidi, walichukua dakika 17. Siku ambazo walikula nyuzinyuzi chache na mafuta magumu mengi zaidi, usingizi mzito ulipungua. Nyuzinyuzi ni zile zilizomo katika maharage, kunde, mchicha, ugali wa dona na matunda, vyakula ambavyo havihitaji duka la pekee wala fedha za ziada.

Kuhusu kahawa, wapo wanaoapa kwamba kikombe cha kahawa chungu cha barazani baada ya sala ya isha hakiwazuii kulala. Wanaweza kuwa wanasema kweli kuhusu kupata usingizi, lakini si kuhusu ubora wake. Mwili wa mtu mzima huchukua takribani saa tano kuondoa nusu tu ya kafeini aliyokunywa, na katika jaribio moja la mwaka 2013, kafeini ya miligramu 400, sawa na vikombe vinne hivi vya kahawa, iliyonywewa saa sita kabla ya kulala ilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima. Chai ya majani ina kafeini pungufu, lakini haikosi. Pombe nayo hudanganya kwa njia nyingine: humlaza mtu haraka, kisha huuvunjavunja usingizi wa nusu ya pili ya usiku.

Mlango huu, isitoshe, unafunguka pande zote mbili. Kula vibaya usiku hukata usingizi, na usingizi uliokatwa hubadili ulaji wa kesho yake. Watafiti wa Chicago waliwaruhusu vijana 12 wa kiume kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, kwa usiku mbili. Homoni ya shibe ikashuka kwa asilimia 18, ya njaa ikapanda kwa asilimia 28, na vijana wakatamani zaidi vyakula vitamu, vya chumvi na vya wanga. Mwaka 2022 Shirika la Moyo la Marekani liliuongeza usingizi katika orodha yake ya mambo manane ya msingi ya afya ya moyo, likitaja saa 7 hadi 9 kwa mtu mzima. Anayejilaumu kwa kukosa nidhamu mbele ya maandazi ya saa nne asubuhi angeanza kwa kuuangalia usiku wake.

Ramadhani na kazi za usiku

Wengi huuliza kama ushauri wa kutokula usiku unapingana na Ramadhani, mwezi ambao chakula chote huliwa usiku. Ushahidi hauelekezi huko. Utafiti uliofanywa London kwa Waislamu 85 katika Ramadhani ya mwaka 2019 ulikuta namba ya juu ya presha imeshuka kwa takribani 7 na ya chini kwa zaidi ya 3, na kushuka huko hakukutokana na kupungua uzito. Hili linatukumbusha kuwa mwili hauendeshwi na saa peke yake.

Kinachoweza kuharibu faida hiyo ni mpangilio wa usiku wenyewe. Katika nyumba nyingi za pwani futari ni karamu: tende na uji, kisha muhogo na magimbi ya nazi, sambusa, bajia, kaimati zilizolowa shira, na baada ya tarawehe chakula kingine kamili, halafu watu wanalala saa tano au sita wakiwa wameshiba hadi shingoni. Mafundisho ya dini yenyewe yanahimiza kuharakisha kufuturu na kuchelewesha daku, na kwa mtazamo wa usingizi utaratibu huo una hekima kubwa. Mlo ukianza jua linapotua, na mzito ukaliwa mapema badala ya kusubiri usiku wa manane, mtu hupata saa kadhaa za usingizi tumbo likiwa limetulia. Na daku ikiliwa karibu na alfajiri, hakuna haja ya kujishindilia usiku kucha. Vitu vya kukaanga kimoja au viwili vinatosha kuipamba sinia. Mgonjwa wa moyo, wa presha au wa kisukari anayetaka kufunga anapaswa kuonana na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu mara nyingi ni ratiba ya dawa inayohitaji kupangwa upya.

Walinzi, wauguzi, madereva wa malori na wahudumu wa bandarini wako katika hali ngumu zaidi, kwa kuwa kwao usiku ndio mchana. Kuna jaribio linalowahusu moja kwa moja. Mwaka 2021 watafiti wa Boston waliwaweka watu 19 katika zamu za usiku za kuigiza. Takribani nusu walikula usiku kama wafanyakazi wa zamu wafanyavyo, wengine walikula mchana tu. Kundi la kwanza sukari yao ilipanda kwa asilimia 6.4, kundi la pili haikupanda, ingawa walikuwa wamekesha vilevile. Mwaka 2025 matokeo ya vipimo vinavyohusu moyo yaliyotoka katika mpango huo yalielekea upande uleule. Mlinzi anayekaa getini na chupa ya chai na mfuko wa maandazi anaweza kufanya hivi: ale mlo kamili kabla ya kuingia zamu, jioni mapema, na usiku abaki na maji, chai isiyo na sukari nyingi hadi katikati ya zamu, na kitu chepesi kama tunda au yai la kuchemsha akizidiwa na njaa. Kukesha na njaa kali si lengo.

Yasemwayo mitaani

Dai kwamba matunda yakiliwa usiku huozea tumboni si kweli. Tumbo lina tindikali kali ambayo haichagui saa, na papai au chungwa hutoka humo mapema kuliko nyama. Mwenye kisukari ahesabu kiasi, mwenye kiungulia aepuke machungwa na mananasi karibu na kulala. Wengine wale kwa amani. Tunda ni mbadala mzuri kuliko biskuti.

Lile la maji ya baridi kugandisha mafuta na kuziba moyo pia halina msingi. Maji hupata joto la mwili ndani ya dakika chache baada ya kunywewa. Mafuta ya chakula hayatoki tumboni kwenda kwenye mishipa ya moyo kama yalivyo, bali huvunjwavunjwa na nyongo na vimeng'enya katika utumbo mdogo. Kuziba kwa mishipa ni kazi ya miaka mingi ya lehemu, presha, sigara na kisukari.

Na je, kulala na njaa ni afya? Hapana, kama njaa hiyo inakuzuia kulala. Glasi ya maziwa, ndizi moja au kijibakuli cha mtindi usio na sukari nusu saa kabla ya kulala havina tatizo kwa mtu mwenye afya. Kinachotahadharishwa ni mlo mzito.

Tatizo halisi kwa wakazi wa miji yetu si ujinga wa kanuni hizi bali foleni. Anayetoka kazini Posta saa kumi na moja jioni na kufika Mbagala au Kimara saa mbili, kisha jiko liwashwe, hawezi kula saa moja usiku kwa kuamriwa tu. Ushauri wangu kwa mtu kama huyo ni kuuhamisha uzito, si kuuondoa mlo. Chakula cha mchana kiwe ndicho kikubwa. Saa kumi au kumi na moja jioni, kabla ya kupanda gari, ale kitu cha maana: muhogo wa kuchemsha, ndizi mbili, karanga zisizo na chumvi, parachichi. Akifika nyumbani hatakuwa na njaa ya kufagia sufuria, na sahani ya usiku inaweza kuwa nusu ya ilivyokuwa, mboga na maharage zaidi, wali au ugali kidogo, vya kukaanga viachwe kwa siku nyingine. Kati ya kumaliza kula na kulala apate angalau saa mbili, na tatu zikiwezekana. Wenye kiungulia wainue upande wa kichwani wa kitanda na walalie ubavu wa kushoto. Watoto wasichelewe kula kwa kumsubiri baba. Wao wale mapema, na familia ikutane kwenye kifungua kinywa.

Wapo ambao hawapaswi kubadili saa za kula kwa kusoma makala. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoichochea kongosho anaweza kushukiwa na sukari usiku kwa kuruka mlo, na hatari hiyo ni ya usiku huohuo, si ya miaka ijayo. Wajawazito, wanaonyonyesha na wazee waliokonda nao wazungumze na mhudumu wa afya kwanza.

Kuna onyo la mwisho, nalo linahusu kiungulia kisicho kiungulia. Kiungulia cha kweli huunguza, hupanda kuelekea kooni, huacha uchachu mdomoni na huzidi mtu anapolala au kuinama. Maumivu ya moyo huja mara nyingi kama kubanwa au kulemewa kifuani. Yanaweza kwenda begani, mkononi, mgongoni au kwenye taya, yakiandamana na jasho jembamba, kichefuchefu au kukosa pumzi, na kwa wanawake na wenye kisukari yanaweza kuwa hafifu kuliko hivyo. Mlo mzito unaweza kuyaamsha yote mawili. Mtu ambaye kifua humbana akitembea baada ya kula na kumwachia akipumzika, aende kupimwa moyo wiki hiyohiyo. Na anayebanwa kifua kwa zaidi ya dakika chache, awe ameketi au amelala, apelekwe hospitali usiku huohuo, bila kusubiri kuona kama soda au magadi vitamtuliza.